Bwana Bado na Daftari la Vipimo

Jina kamili la marehemu limeandikwa kwenye jalada la ratiba hii, na kwa wengi wenu leo ndiyo mara ya kwanza kulisoma. Humu ndani tutamwita kama mlivyomwita ninyi wenyewe, Bwana Bado, maana alilizoea na hakulichukia. Wasifu huu umeandikwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake. Dada mtu ndiye aliyepaswa kuusoma. Jana alijaribu kuusoma mezani, akafika katikati, akaurudisha na kusema, "Soma wewe. Mimi hapo sipiti."

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, saa nne asubuhi, katika hospitali ileile aliyofia. Mama yake alikuwa mfuaji wa shuka za hospitali hiyo, na baba yake alipaka rangi mabehewa kwenye karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza. Kati yake na mdogo wake wa kike ilipita miaka kumi na moja, na watoto wawili wa katikati hawakukaa. Kwa hiyo huyo dada alipopatikana, kaka alimbeba mgongoni kila mahali, mpaka jirani mmoja akauliza kama mtoto amezaliwa bila miguu. Kaka huyo ndiye aliyempeleka kuchanjwa ndui, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka kumi na mbili, na aliporudi alimweleza mama yake kwa kirefu kwamba nesi aliacha kifuniko cha sanduku wazi muda mrefu mno. Mama alicheka mpaka akaweka beseni chini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Shule ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, dakika arobaini kwa miguu yake. Sekondari aliingia mwaka 1972 na kumaliza 1975. Mwalimu wake wa hesabu alimlalamikia kwa jambo moja tu: karatasi yake ya mtihani ndiyo iliyokuwa ya mwisho kukusanywa siku zote, kwa sababu kila jawabu alilipitia mara tatu. "Wewe," mwalimu alimwambia mbele ya darasa, "hata kaburini utachelewa." Mwalimu hakukisia vizuri. Amekwenda akiwa na miaka sitini na sita, na sisi tuliona kuwa bado.

Baada ya miaka miwili ya kukaa nyumbani alijiunga na chuo cha afya, akahitimu mwaka 1979, akaajiriwa kama karani wa dawa. Mwezi Februari 1984 alikabidhiwa ufunguo wa ghala la chanjo la wilaya. Ghala ni chumba kimoja nyuma ya maabara, hakina dirisha, kina majokofu mawili, friza moja, meza ya bati na kiti cha mbao. Humo alifanya kazi peke yake kwa miaka ishirini na tisa. Asubuhi na jioni alisoma kipimajoto na kuandika nyuzi kwenye chati ya ukutani. Katika miaka yote hiyo chati haina siku iliyorukwa, hata siku za sikukuu.

Jina la Bwana Bado lilitokana na barafu. Chanjo zikienda vijijini na mashuleni husafirishwa katika kasha lenye pakiti za barafu, na wengi hudhani kwamba barafu ikizidi ubaridi ndiyo kheri. Sivyo. Pakiti inayotoka moja kwa moja kwenye friza ina baridi ya kugandisha, na chanjo za aina fulani zikiganda zimekufa. Ukimchoma mtoto chanjo ya namna hiyo hutamdhuru, ila hutamkinga na kitu. Kwa hiyo pakiti hutolewa mapema, zikapangwa mezani, zikaachwa zitoke jasho mpaka ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani. Kazi hiyo huchukua nusu saa, na siku za baridi hata saa nzima. Huko nje gari linangoja, wauguzi wamepanda, dereva anapiga honi.

"Mzee, tayari?"

"Bado."

"Jua hili litatuua, mzee wangu. Tayari?"

Marehemu alichukua pakiti moja, akaisogeza sikioni, akatikisa, akasikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza simu ya mbali. "Bado," akasema. Dereva wa idara, ambaye yuko nasi hapa leo, anasema ameisikia "bado" hiyo zaidi ya jina la mama yake. Walimcheka, walimnunia, mwaka 1991 waliwahi hata kumshitaki kwa mkubwa wao kwamba anachelewesha kazi. Mkubwa alikwenda kumwonya, akasubirishwa naye.

Jumamosi ya tarehe 6 Desemba 1986 marehemu alimwoa mshonaji wa sare za shule aliyekuwa na chumba cha kazi karibu na stendi ya baiskeli. Uchumba wao ulikuwa hivi. Alipeleka suruali ikatwe upindo. Wiki iliyofuata akairudisha, eti bado ndefu. Wiki ya tatu akaja nayo tena. Mshonaji akaiinua juu mbele ya wateja na kusema, "Kaka, hii sasa imebaki kaptula. Sema kilichokuleta." Waliishi pamoja miaka ishirini na sita. Hawakujaliwa mtoto, na hilo liliwauma wote wawili, ingawa kila mmoja alijitahidi mwenzake asijue. Nyumba yao ilijaa watoto wa wengine waliokuja kupimwa sare. Mke aliandika kila mtoto kwenye daftari kubwa lenye jalada la kijani: jina, shule, bega, kiuno, urefu, na mahali wazazi wanapokaa, ili asiyekuja kuchukua sare apelekewe.

Mwishoni mwa mwaka 2012 mke alianza kutokwa damu. Alikaa nayo miezi mitatu akidhani ni mambo ya umri. Alipopimwa ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imekwenda mbali. Mambo yakagongana vibaya: mwanzoni mwa mwaka 2013 wilaya ilipokea kwa mara ya kwanza chanjo ya kuzuia saratani hiyohiyo, ya kuchanja wasichana wadogo mashuleni. Makasha yalifika kwa mtu ambaye mkewe amelala wodini, jengo la pili kutoka ghalani. Marehemu alivipokea vichupo vile, akavihesabu, akavipanga rafu ya kati. Kisha akafunga mlango akalia. Jambo hili alimsimulia mtu mmoja tu maishani mwake, naye ni dereva.

Jumanne, tarehe 11 Juni 2013, timu ilikuwa iende kwenye shule iliyo jirani na kiwanda cha matofali. Saa tatu asubuhi daktari bingwa angempitia mke wake, na ndugu wa mgonjwa alitakiwa awepo. Saa mbili na dakika arobaini pakiti zilitoka kwenye friza. Marehemu alizipanga kwenye kasha palepale, akapakia vichupo, akafunga mkanda.

"Leo hatusubiri?" dereva akauliza.

"Leo nendeni tu."

Dereva anasema alifurahi. Anasema furaha hiyo inamsumbua hadi leo.

Siku hiyo walichanjwa wasichana arobaini na saba. Mmoja wao alikuwa mpwa wa marehemu, mwenye umri wa miaka kumi, anayewasomea maneno haya. Anakumbuka kwamba alijivunia sana, kwa sababu chanjo ilikuwa ya mjomba wake.

Saa kumi jioni kasha lilirudi na vichupo sita vilivyobaki. Mtu mwingine angevirudisha kwenye jokofu. Marehemu alichukua kimoja, akachukua na kizima kutoka rafuni, akavitikisa pamoja, akavisimamisha mezani na kuvitazama. Kizima kilibaki na ukungu sawasawa. Kile kingine kilijikata kama maziwa yaliyoharibika, makapi yakazama chini upesi. Alirudia na vitano vilivyosalia. Vyote vilikuwa hivyohivyo.

Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Vichupo angevimwaga kwenye sinki, na leo tungekuwa tunasoma wasifu mfupi zaidi na wenye sifa nyingi. Alikaa kwenye kile kiti cha mbao akaandika taarifa ya kurasa mbili, akitaja saa, idadi, shule, na kwamba kosa ni lake na si la dereva wala la wauguzi. Alipomaliza, muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umepita na mlinzi wa wodi akamkatalia. Kwa hiyo siku hiyo hakumwona mkewe jioni, na siku walizobakiza zilikuwa chache.

Kesho yake alimweleza. Mke hakumlaumu. Aliuliza, "Ni wangapi?"

"Arobaini na saba."

"Shule ya matofali?"

"Ndiyo."

"Hao nimewashonea mimi. Wote wamo kwenye daftari la kijani." Akapumzika kidogo, maana kusema kulimchosha. "Rejesta ya shule haitakwambia mtu anakaa wapi. Langu litakwambia. Usimwache hata mmoja, unasikia? Hata mmoja. Ukiniona nilivyo hapa, usimwache hata mmoja."

Mke alifariki Jumanne, tarehe 2 Julai 2013.

Mganga mkuu wa wilaya alitoa barua ya kuruhusu wasichana wale arobaini na saba wachanjwe upya wakati wowote watakapofika, bila kujali umri watakaokuwa nao. Mwezi Agosti shule iliwaita wazazi, na wasichana kumi na tisa wakachanjwa. Wazazi waliobaki waligoma. Habari ilikuwa imezunguka mitaani ikiongezwa chumvi kila mlango: mara chanjo ilikuwa sumu, mara ilikuwa ya kuwafunga watoto uzazi, mara mzee amechanganyikiwa kwa ugonjwa wa mkewe. Kama angenyamaza asingezungumzwa. Aliondolewa ghalani akapelekwa stoo ya sabuni na mafagio, na huko alikaa miaka mitano hadi alipostaafu mwaka 2018. Waliokuwa wakila naye chakula cha mchana walihama meza.

Wa kwanza kumfungia mlango alikuwa dada yake. Ameruhusu hili lisomwe. Marehemu alikwenda kumwomba ampeleke binti kliniki, na dada akasimama mlangoni akamwambia, "Kwa mwanangu umekosea mara moja, kaka. Mara ya pili hutaipata." Marehemu akajibu, "Nakuelewa." Akarudi mwezi uliofuata. Alirudi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akasimama nje ya geti kwa muda wa kutosha mtu kutoka kama anataka kutoka, kisha akaenda zake. Binti alimwona kupitia pazia la jikoni akivua kofia na kuivaa tena. Alikatazwa kutoka, na baada ya muda hakukuwa na haja ya kumkataza.

Miaka ile ndiyo ya kumsimulia Bwana Bado, na ndiyo ambayo hakuna aliyekuwa naye. Asubuhi alijipikia chai ya kikombe kimoja. Cherehani ya mkewe aliiacha na kitambaa kikiwa chini ya sindano. Baada ya kustaafu, Jumatatu na Jumatano alitoka na daftari la kijani kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na ile barua, na kutafuta. Daftari lilimpa mahali pa kuanzia tu. Familia zilikuwa zimehama, wasichana wamekua. Alikuwa anamtafuta "bega kumi na mbili, kiuno ishirini na mbili" na anafunguliwa mlango na mwanamke mrefu kuliko yeye mwenye mtoto begani. Mmoja alimpata akikata tiketi za mabasi, mmoja kwenye saluni, mmoja alikuwa ameolewa mji mwingine mwendo wa saa saba, akaenda na kurudi mara nne. Wapo waliomfukuza. Mama mmoja alimwagia maji ya vyombo. Alirudi wiki mbili baadaye, akapiga hodi, akasimama mbali kidogo na mlango.

Hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Mwanangu, mwaka 2013 nilikupa chanjo iliyokufa. Nimekuja kurekebisha." Kisha alieleza ugonjwa uliomwua mkewe, bila kuficha kitu, damu na harufu na yote. Akieleza hivyo, mama mtu naye mara nyingi alikuwa ameshasogea karibu kusikiliza. Ndipo alipowaambia akina mama waliopita umri wa chanjo wakapime mlango wa kizazi, kwamba kipimo ni cha dakika chache na kikiona dalili mapema hutibika. Wengi walikwenda. Siku ya kliniki ilikuwa Jumanne. Alimsindikiza kila msichana, akakaa kwenye benchi la nje, na sindano ilipoingia na mtu akatoka akishika bega, alifungua daftari na kuweka alama ya vema pembeni ya vipimo vyake. Kufikia Machi 2023 zilikuwa alama arobaini na sita.

Jina lililobaki lilikuwa la mpwa wake. Bega kumi na mbili na nusu, kiuno ishirini na tatu, anakaa kwa mama yake.

Mpwa alikuwa sasa mtu mzima, hana wa kumfungia geti. Kabla ya hapo, Novemba mwaka 2022, walikutana kwenye foleni ya posta. Mjomba alikuwa amekonda, na shati lake lilikosa kifungo cha pili.

"Jumanne ukipata nafasi," alimwambia.

"Nitakuja, Mjomba."

Hakwenda. Walikutana tena mara mbili, Juni mwaka uliofuata na Februari mwaka huu, na mara zote mbili aliahidi. Mpwa ameitafuta sababu ya kutokwenda ili aiandike hapa, na hakuipata. Hakuogopa sindano, na mama yake hakuwa amemkataza tena. Alikuwa na shughuli. Alidhani Jumanne zipo nyingi.

Mwezi Mei mwaka huu miguu ya marehemu ilianza kuvimba, na madaktari walikuta moyo umechoka kusukuma damu. Aliyempeleka hospitali na kumrudisha ni fundi baiskeli, jirani yake wa ukuta mmoja, ambaye familia inamshukuru kwa sababu alifanya kazi ambayo ilikuwa yetu. Tarehe 9 Septemba alilazwa. Fundi anasema kila Jumanne marehemu aliomba kiti chake kigeuzwe kielekee dirishani, maana kutoka pale benchi la kliniki linaonekana. Tarehe 15 Oktoba, Jumanne yake ya mwisho, alikaa hivyo toka saa mbili hadi kliniki ilipofungwa. Fundi akamuuliza, "Mzee, ulale sasa?" Akajibu, "Bado kidogo." Alifariki Ijumaa, tarehe 18 Oktoba 2024, saa tano na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya muda wa kuona wagonjwa. Hakuwa na mtu kando yake. Dada yake na mpwa wake walifika saa nane.

Fundi aliwakabidhi mfuko wa plastiki. Dada mtu alifungua daftari la kijani, akaziona zile alama zikishuka ukurasa hadi ukurasa, akafika kwenye jina la mwanawe. Alilifunga, akakaa nalo mapajani siku mbili.

Jana Jumatatu, tarehe 21 Oktoba, mama na binti walikwenda kliniki pamoja wakiwa na barua iliyochanika kwenye mikunjo. Haikuwa siku ya chanjo. Muuguzi aliisoma barua, akalitambua daftari la kijani, akasema, "Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kazi." Akatoa kwenye friza pakiti za barafu za kasha la chanjo, akazipanga juu ya meza, akakunja mikono.

Dakika zikapita. Dada mtu, ambaye subira hakuzaliwa nayo, akashindwa. "Nesi, tuna mazishi kesho. Tunangoja nini?"

"Bado, mama."

Muuguzi aliinua pakiti, akaisogeza sikioni, akatikisa. Akairudisha mezani. Dada akainamisha kichwa akalia, kilio alichokuwa hajakilia tangu Ijumaa, wala tangu mwaka 2013. Wakasubiri wote watatu. Safari ya pili maji yalisikika yakicheza ndani, na hata mpwa aliyasikia.

Alichomwa bega la kushoto saa nne na dakika ishirini asubuhi. Alitoka nje, akakaa kwenye lile benchi, akaweka alama ya vema kwa kalamu ya mjomba wake. Kutoka hapo dirisha la wodi linaonekana vizuri.

Marehemu hakuacha mtoto. Ameacha dada mmoja, mpwa mmoja, jirani mmoja na dereva mmoja. Ameacha pia wanawake arobaini na saba waliokingwa, wa umri kati ya miaka ishirini na moja na ishirini na nne, na wale walio hapa tunawaomba, kama wataweza, wasimame.

Mjomba, wametimia. Pumzika sasa, huna tena unayemsubiri.